Mifupa, Meno na Mahali: Tunavyowajua Wanyama Waliotoweka

Nyumbu wanaofika Mto Mara kila kiangazi wamezoeleka mno kwa watu wa Tarime na Serengeti, hata ni rahisi kudhani kwamba nyika hii imekuwa yao tangu mwanzo. Visukuku vinasema vingine. Kutoka kata ya Kemambo kuelekea kaskazini magharibi, chini ya kilomita 100, iko Karungu kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, na mbele yake rasi ya Homa na kisiwa cha Rusinga. Kuelekea kusini mashariki, karibu kilomita 200, liko korongo la Oldupai, na kusini yake Laetoli. Katika udongo wa pande hizo mbili imepatikana mifupa ya mnyama wa jamii ya tembo ambaye pembe zake ziliota kwenye taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Twiga mnene mwenye shingo fupi na pembe zilizotanuka. Kiboko mwenye macho yaliyoinuka juu ya paji. Nyani mkubwa kupita nyani yeyote wa leo. Na mnyama wa ukoo wa nyumbu ambaye pua yake ilifunikwa na kuba la mfupa lililo tupu ndani. Wote wametoweka. Tunajuaje walivyokuwa, na hasa walivyoishi?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mtaalamu huunganisha mifupa, huivika nyama na ngozi kwa fikra zake, na mnyama akarudi kuonekana. Jibu hilo linaacha nusu ya kazi, tena nusu iliyo ngumu. Umbo la mfupa huonyesha kile ambacho mwili uliweza kufanya. Alichokifanya mnyama kweli, siku baada ya siku, kimeandikwa kwingine: katika mikwaruzo ya meno yake, katika kemia ya ganda la jino, katika nyayo alizoacha, na katika udongo aliolala ndani yake pamoja na waliokufa naye. Mashahidi hawa hawakubaliani kila mara, na maarifa makubwa zaidi tuliyonayo yamepatikana pale walipopingana. Kwa hiyo nashikilia kwamba thamani ya kisukuku haitegemei ukubwa wake wala uzuri wake, inategemea ni mashahidi wangapi wamebaki pamoja nacho.

Kwanza ieleweke kwa nini mabaki haya yapo. Mnyama akifa porini kwa kawaida habaki. Fisi na tumbusi humaliza nyama, jua hupasua mifupa, mizizi na wadudu huila, na baada ya miaka michache hakuna kitu. Ili mfupa udumu lazima ufukiwe mapema, na udongo unaoufukia usiwe na asidi. Ukanda wetu ulibahatika kuwa na volkano zilizotoa udongo wa namna hiyo. Kisingiri, volkano iliyokuwa ikiwaka katika eneo la Rusinga na Karungu yapata miaka milioni 20 hadi 17 iliyopita, ilimwaga majivu yenye chokaa na chumvi nyingi. Upande wa Serengeti volkano za nyanda za juu za Ngorongoro zilifanya vivyo hivyo katika zama za baadaye. Majivu yaliufunika mfupa, na maji yaliyopenya ndani yake yakaacha madini katika vitundu vya mfupa mpaka ukawa jiwe. Majivu hayo yana faida ya pili: madini yake huwezesha kupimwa umri, hivyo tabaka la udongo likajulikana ni la lini. Kinachobaki zaidi ni meno, kwa sababu ganda la jino ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kisha mataya, vifundo na vichwa vya mifupa ya miguu. Ngozi, manyoya na matumbo karibu kamwe hayabaki. Kila tunachosema juu ya mnyama aliyetoweka tunakisema tukiwa na pengo hilo mbele yetu.

Hata hivyo umbo peke yake linasema mengi. Mwaka 1911 Charles Andrews wa makumbusho ya London alieleza mnyama kutoka Karungu aliyemwita Deinotherium hobleyi. Taya lake la chini limeinama mbele na kutoa pembe mbili zinazotazama chini, jambo lisiloonekana kwa tembo yeyote aliye hai. Magego yake yana matuta makali yanayopishana kama mkasi, tofauti na magego ya tembo wa leo yenye bapa nyingi zilizopangwa kwa ajili ya kusaga. Meno ya kukata hufaa majani laini, meno ya kusaga hufaa nyasi, kwa hiyo hata kabla ya kipimo chochote cha maabara mtu angeweza kusema kwamba huyu alikuwa mla majani ya miti. Kiboko wa Oldupai aliyepewa jina Hippopotamus gorgops alikuwa na matundu ya macho yaliyopanda juu ya fuvu kuliko ya kiboko wa sasa, na maana yake haina utata mkubwa: angeweza kuzama karibu mwili mzima na bado akaona ufukoni. Mahali kano ziliposhikana na mfupa pana ukwaru unaoonyesha nguvu ya msuli. Kifundo kinaonyesha mguu ulikunjika upande gani na kwa kiasi gani. Tundu la ubongo linaonyesha ukubwa wake na sehemu zilizokua zaidi. Hizi ni hoja za kimakanika, na mwili wa mnyama haukwepi kanuni za uzito na nguvu hata kama uliishi miaka milioni 18 iliyopita.

Tatizo huanza tunapotoka kwenye uwezo na kuingia kwenye mazoea, na hakuna mfano unaolionyesha vizuri kuliko fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Oldupai Julai 1959. Kiumbe huyo, ambaye leo anaitwa Paranthropus boisei, alikuwa na magego mapana kupita kiasi, mataya mazito, na ukingo wa mfupa utosini ambako misuli ya kutafuna ilishikana. Umbo lote lilisema jambo moja: huyu alivunja vitu vigumu. Akapewa jina la utani la mvunja kokwa, na kwa miongo kadhaa vitabu vilimchora hivyo. Mwaka 2008 watafiti walichunguza kwa hadubini uso wa meno ya jamii yake. Mla vitu vigumu huachiwa mashimo madogo kwenye meno. Haya yalikuwa na mikwaruzo myepesi tu. Miaka mitatu baadaye kipimo cha kaboni katika ganda la meno kilionyesha kwamba takriban asilimia 77 ya chakula chake kilitokana na nyasi au mimea ya jamii ya ndago. Mataya yale mazito hayakuwa ya kupasua kokwa, yalikuwa ya kutafuna chakula kigumu kulainika, kutwa nzima. Umbo halikudanganya. Lilisema kwamba nguvu ilikuwepo, na wasomaji wake ndio waliojaza kilichobaki kwa dhana.

Kipimo hicho cha kaboni kinastahili kuelezwa, maana kimebadilisha elimu hii kuliko kifaa kingine chochote. Nyasi za nchi za joto huchukua kaboni ya hewani kwa njia tofauti na miti, vichaka na majani mapana, na njia hizo mbili huacha uwiano tofauti wa isotopu za kaboni katika mmea. Anayekula mmea hubeba uwiano huo mwilini mwake, na ganda la jino likishaumbika halibadiliki tena. Jino la miaka milioni mbili kwa hiyo ni kumbukumbu ya mlo. Kwa njia hii tumejua kwamba Deinotherium alibaki mla majani ya miti katika historia yake yote ndefu Afrika Mashariki, kama magego yake yalivyosema. Hapo mashahidi wawili walikubaliana. Lakini tembo mkubwa wa Oldupai, Elephas recki, alikula nyasi karibu tupu, ilhali tembo wa Serengeti ya leo hula nyasi na majani na magome ya miti, na kwa sehemu nyingi za Afrika majani ndiyo chakula chake kikuu. Mtu angemtazama tembo wa leo na kumdhania wa kale kuwa na desturi ileile, angekosea kabisa. Nguruwe kadhaa wa zama hizo nao walikuwa wala nyasi, ingawa baadhi yao ni jamaa wa nguruwe wa msituni. Nyika ya kale ilikuwa na wala nyasi wengi na wa aina nyingi kuliko ya sasa, na jambo hilo lisingejulikana kwa kupanga mifupa tu.

Mfano ulio karibu zaidi na Mto Mara, na kwa maoni yangu ulio mzuri kuliko yote, ni ule wa Rusinga. Mwaka 1984 Martin Pickford na Herbert Thomas walieleza mnyama waliyemwita Rusingoryx atopocranion, kutokana na fuvu lililoharibika kiasi kwamba nafasi yake katika jamii ya swala na nyumbu ilibishaniwa. Baadaye, mahali paitwapo Bovid Hill kisiwani humo, yalichimbuliwa mabaki ya wengi wao kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Umri wa tabaka hilo ni yapata miaka 68,000. Fuvu zima lilipopatikana, likaonekana jambo lisilowahi kuonekana kwa mnyonyeshaji yeyote: mifupa ya pua imepanda na kufanya kuba lenye uwazi ndani, na njia ya hewa inazunguka ndani ya kuba hilo kabla ya kufika kooni. Mnyama pekee mwenye kitu kinachofanana na hicho ni kundi la dinosaria wenye midomo ya bata, waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita. Haley O'Brien, Tyler Faith na wenzao walitoa uchunguzi wao mwaka 2016, wakiwa wamepiga mafuvu picha za ndani kwa mashine ya aina ya zile za hospitali.

Je, kuba lile lilikuwa la nini? Hapa inafaa kufuata hatua za hoja yao, kwa kuwa zinaonyesha namna dai kubwa linavyoweza kusimama juu ya ushahidi mdogo. Kupoza hewa au kuchuja vumbi ni kazi za pua, lakini mifupa ya ndani ambayo hubeba utando wa kazi hizo haikuongezeka kulingana na ukubwa wa kuba. Kupigana kwa vichwa hakuwezekani, kwa sababu ukuta wa kuba ni mwembamba. Kinachobaki ni sauti. Njia ndefu ya hewa hushusha sauti, na hesabu za urefu na ujazo wa njia ile zilionyesha kwamba mnyama huyu angeweza kutoa mlio mzito, unaokaribia kiwango ambacho sikio la mtu hukisikia kwa shida. Mlio wa namna hiyo husafiri mbali katika nchi ya wazi. Kisha kuna shahidi wa pili: wadogo walikuwa na kuba dogo lililokua kadiri walivyokua, kama ilivyokuwa kwa wale dinosaria. Na wa tatu: walikufa pamoja, na mgawanyo wa umri wao unafanana na wa kundi lililo hai. Mnyama wa kundi, katika nyika ya wazi, mwenye chombo cha kutoa sauti nzito. Vitu vitatu hivi vinaelekea upande mmoja. Mlio wenyewe hatuwezi kuusikia na wala hakuna anayedai kuusikia. Lakini kusema kwamba waliwasiliana kwa sauti hiyo ni hitimisho lenye miguu.

Mahali palepale pametoa habari nyingine ambayo fuvu lisingeitoa. Mifupa ya Bovid Hill ililala katika mkondo mdogo wa maji, pamoja na zana za mawe, na baadhi yake ina alama za kukatwa. Waliochimba wameona hapo dalili ya watu waliowavizia wanyama wakipita kwenye korongo. Kwa hiyo tunajua juu ya Rusingoryx kwamba alikuwa mla nyasi wa nchi kavu, aliishi kwa makundi, alikuwa na sauti yake, na aliwindwa na binadamu. Umbo lilitupa pua; meno yalitupa chakula; mahali pakatupa jamii na adui.

Nyayo ni shahidi wa namna nyingine tena. Huko Laetoli, miaka milioni 3.66 iliyopita, majivu ya volkano yalianguka, mvua nyepesi ikayalowesha, wanyama wakapita juu yake, yakagandamana, kisha yakafunikwa na majivu mengine. Timu ya Mary Leakey ilianza kuziona nyayo hizo mwaka 1976, na mwaka 1978 zikapatikana zile maarufu za viumbe waliotembea wima. Umaarufu wao umefunika maelfu ya nyayo nyingine za kanga, sungura, swala, twiga, vifaru na tembo, hata vishimo vya matone ya mvua. Miongoni mwake zimo njia za hipparion, farasi wa kale mwenye vidole vitatu, mkubwa na mtoto. Mwaka 1984 Elise Renders alipima mpangilio wa kwato hizo na kuonyesha kwamba wanyama hao walikwenda kwa mwendo wa haraka wa miguu minne inayokanyaga kwa zamu, mwendo ambao aina chache tu za farasi wa leo wanao. Mifupa ya mguu ingeonyesha kwamba mwendo huo uliwezekana, sawa na miendo mingine mitano. Nyayo zilionyesha mwendo uliotumika, siku hiyo, juu ya majivu yanayoteleza.

Kuna pingamizi la kwanza, na lina uzito: wataalamu hawa wamekosea mara nyingi, kwa nini tuwaamini sasa? Mvunja kokwa ni kosa moja. Kubwa zaidi ni la Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 na kusafirisha Berlin zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, iliyobebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Miongoni mwake alikuwamo mnyama anayeitwa sasa Giraffatitan, ambaye mifupa yake iliyosimamishwa Berlin ina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kwa kuwa matundu ya pua katika fuvu lake yako juu, na kwa kuwa mwili mkubwa hivyo ulionekana kuhitaji kubebwa na maji, alichorwa akiwa amezama ziwani na kichwa tu kikitokeza. Mwaka 1951 K. A. Kermack alionyesha kwamba shinikizo la maji kwenye kina hicho lingelizuia pafu kujaa hewa. Uti wa mgongo nao ulijaa mianya ya hewa iliyopunguza uzito, na miguu yake ni ya kubeba mwili nchi kavu. Picha ikabadilika. Lakini hebu tuangalie kosa lilisahihishwa na nini. Mifupa ilikuwa ileile, na kilichoongezeka ni swali lililopimika. Dai linaloweza kuangushwa na kipimo, na likaangushwa, linatupa sababu ya kuamini zaidi yale ambayo yamepimwa mara nyingi na bado yamesimama.

Pingamizi la pili ni la ndani zaidi. Tunawasoma waliotoweka kwa kuwalinganisha na walio hai: meno kama ya nyumbu, basi mla nyasi, mguu kama wa duma, basi mkimbiaji. Je, hatuwageuzi wa kale kuwa nakala za wa leo, kisha tukashangaa kwamba wanafanana? Hatari hiyo ipo, na njia pekee ya kuikwepa ni kutafuta ushahidi usiotegemea mlinganisho. Kemia ya jino haijali jina la mnyama. Na ushahidi huo umeonyesha mara kadhaa jumuiya za wanyama zisizo na mfano leo. Kuzunguka Ziwa Viktoria, katika tabaka za makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, imepatikana mifupa ya pundamilia wa Grevy, ambaye siku hizi yupo kaskazini mwa Kenya na Ethiopia tu, na ya choroa, mnyama wa nchi kame, pamoja na nyati wa pembe ndefu kupita kiasi na Rusingoryx mwenyewe. Leo Rusinga imezungukwa na maji na pwani yake hupata mvua ya kutosha kulima. Wanyama wale wanasema palikuwa na nyasi kavu na nchi wazi, na kwamba kisiwa kiliungana na bara. Jiolojia inakubali kwamba ziwa hupungua na kujaa. Yapata miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita lilikauka kabisa au karibu kabisa. Kama wataalamu wangekuwa wanajiona wenyewe kwenye kioo cha sasa, hawangeliona hilo.

Pingamizi la tatu linasema mifupa iliyokusanyika mahali pamoja huenda haikuishi pamoja: maji huibeba, fisi huiburuta, mamba huimeza. Ni kweli, na kwa sababu hiyo kuna watafiti wanaofanya kazi ya kuchunguza yanayoupata mfupa baada ya kifo. Mtanzania Jackson Njau ni mmoja wa waliojenga elimu hiyo. Yeye na Robert Blumenschine walichunguza alama ambazo meno ya mamba huacha kwenye mifupa, wakitumia mamba hai na mizoga, wakazitofautisha na alama za simba, fisi na zana za mawe. Wakiwa na kipimo hicho waliirudia mifupa ya Oldupai na kukuta alama za mamba kwenye mifupa ya mguu ya binadamu wa kale. Mwaka 2010 Njau, pamoja na Christopher Brochu na wenzao, walimpa mamba wa Oldupai jina Crocodylus anthropophagus, mamba mla watu. Kwa hiyo uharibifu ambao pingamizi linauona kama kelele umekuwa nao ushahidi, na umetuambia nani alikuwa akivizia kwenye maji ambako wengine walikuja kunywa.

Ushahidi wote huo hutegemea sharti moja, kwamba ijulikane mfupa ulikuwa wapi. Historia ya pande zetu ina somo chungu. Machi 1932, huko Kanam katika rasi ya Homa, Juma Gitau, aliyekuwa akifanya kazi na Louis Leakey, alipata kipande cha taya la binadamu. Leakey alidai ni la kale mno. Mwanajiolojia Percy Boswell alipokuja mwaka 1935 kuthibitisha, mahali penyewe hapakuweza kuonyeshwa: vigingi vya chuma vilivyowekwa kama alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha iliyotolewa ilikuwa ya sehemu nyingine. Taya lipo hadi leo, lakini umri wake haukupata uhakika tena. Oldupai yenyewe iliona kinyume chake: mifupa ya mtu aliyoipata Hans Reck mwaka 1913 ilidhaniwa kuwa ya zama za tabaka iliyomo, mpaka ikathibitika kwamba ni kaburi lililochimbwa kutoka juu, la miaka isiyofika 20,000. Matukio yote mawili yalihusu mifupa mizuri. Kilichokosekana ni uhusiano wa mfupa na udongo wake.

Rusingoryx alitoweka, na vivyo hivyo swala mdogo mwenye magego marefu, Damaliscus hypsodon, aliyeishi naye kuzunguka ziwa. Maelezo yanayoungwa mkono na ushahidi ni kwamba walikuwa wameumbika kwa ajili ya nyasi kavu, na mvua zilipoongezeka mwishoni mwa zama za barafu nchi yao ilipungua, huku wawindaji wakiwepo. Ni hoja inayotegemea meno, kemia na tabaka kwa pamoja, na bado haijafungwa, kwa kuwa mchango wa binadamu haujapimika vizuri. Kuna njia moja inayoweza kusaidia. Madini ya strontiamu huingia katika jino kutoka kwenye udongo kupitia nyasi, na uwiano wa isotopu zake hutofautiana kati ya miamba mikongwe na majivu machanga ya volkano. Jino linalokua kwa miezi mingi hubeba safari ya mnyama kutoka nchi moja hadi nyingine. Miamba ya Tarime na ile ya tambarare za kusini mwa Serengeti inatofautiana sana kwa umri, kwa hiyo mnyama wa kale aliyehama kati ya sehemu hizo angebeba tofauti hiyo mdomoni.

Kwa wachimbaji wa Kemambo na majirani wa mgodi wa Nyamongo sharti hilo la kujua mfupa ulikuwa wapi lina maana ya moja kwa moja. Mwamba wenye dhahabu unaofuatwa kwenye maduara una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, wakati ambapo dunia haikuwa na mnyama yeyote mwenye mfupa, kwa hiyo hakuna kisukuku cha kutafutwa humo. Panapofaa kuangaliwa ni udongo mchanga zaidi: kingo za mito na vijito vinavyoingia Mara, makorongo yaliyokatwa na mmomonyoko, na machimbo ya mchanga na ya udongo wa matofali. Jino zito lenye bapa za kusagia, au mfupa uliogeuka jiwe, ukionekana mahali hapo, usitolewe. Uachwe ndani ya tabaka lake, upigwe picha ukiwa umelala pamoja na ukuta wa udongo ulio nyuma yake, mahali pawekewe alama isiyong'oka kirahisi, na mtendaji wa kijiji apewe taarifa ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua kitu cha namna hiyo atoe taarifa. Na sababu ya kisayansi ina nguvu sawa na ya kisheria: mfupa uliofikishwa ofisini ndani ya gunia unaweza kupewa jina la mnyama, lakini majirani zake waliokufa naye, maji yaliyomfunika na majivu yanayoweza kupimwa umri vitakuwa vimebaki shimoni, na mvua ya masika inayofuata itavichukua.